Mbolea ya Dukani na Mbolea ya Mgongo

Kumbukumbu za namna hii huandikwa na mtu mwenye mvi. Mimi sina hata moja, na nimestaafu. Kifua changu kilikataa vumbi la stoo. Daktari alinisikiliza mgongoni, akaniuliza nafanya kazi gani, na nilipomwambia nauza mbolea na dawa za mimea akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anasubiri jibu hilohilo. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mliobaki nyuma ya kaunta pale Sumbawanga. Habari za mshahara nitaziacha, maana ndio huohuo mnaoupokea sasa.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga kufuli narudi kuivuta. Nikipima kilo moja ya mbegu naimwaga, napima tena, mteja akiwa ananitazama kama anatazama mtu aliyepotewa na kitu. Wasiwasi huo ulianza kwa sababu sikusomea kilimo chuoni. Nilimaliza kidato cha nne Namanyere, matokeo yakaja kama yalivyokuja, nikapanda basi kwenda mjini kutafuta kazi yoyote. Ninachokijua kuhusu mbolea nilikipata kwa kusoma migongo ya mifuko, kusikiliza redio, kumsumbua bwana shamba kila alipopita kununua soda, kutazama video kwenye simu mpaka bando linakata, na kupanda mahindi kwenye makopo ya rangi. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana cheti cha kujifunika. Kila swali la mkulima nililiona kama mtihani, na usiku nilijisahihisha.

Mwajiri wangu, Mzee Nassoro, mnamjua. Familia yake ina maduka na malori mjini tangu enzi za babu yake. Malori ya kaka zake yalikuwa yanashuka Kirando na bidhaa na kupanda na dagaa, na mara nyingine dagaa hao walilala kwenye stoo yetu, kwa hiyo nikirudi nyumbani jioni hakuna aliyeweza kukisia nafanya kazi gani. Siku ya kwanza alinikaribisha kwa bakuli tatu. Ndani kulikuwa na mbolea tatu zisizo na jina.

"Hizi ni nini, binti yangu?"

"Mbolea, mzee."

"Hilo hata mbuzi anajua. Ipi ya kupandia, ipi ya kukuzia?"

Sikujua. Alinifundisha kwa vidole. Urea, ya kukuzia, ni punje nyeupe za mviringo zinazoteleza kama shanga. Ile ya kupandia, DAP, ni ngumu zaidi, ya kijivu au kahawia, na ina fosforasi nyingi ya kukuza mizizi. Halafu CAN, nayo ya kukuzia, ambayo hunyonya unyevu haraka ikiachwa wazi na kugeuka jiwe. Akatia kijiko cha urea kwenye glasi ya maji, akakoroga, akaniambia nishike glasi. Ilikuwa ya baridi, kama imetoka kwenye friji.

"Mkulima akikuletea kiganja cha kitu alichouziwa gulioni," akasema, "anataka kujua kama amenunua mbolea au chumvi. Usimwambie 'nadhani'. Hapa hatuuzi kudhani."

Neno hilo lilinitisha kiasi kwamba nilikwenda nyuma ya magunia nikalia kidogo, kisha nikanawa uso nikarudi. Nawaambia ili mkimkuta mfanyakazi mpya analia nyuma ya magunia msimshangae. Mpeni maji, kisha mpeni bakuli.

Swali nililoulizwa kuliko yote kwa miaka yote ile lilikuwa moja: mbolea ya dukani na mbolea ya asili, ipi bora? Wateja waligawanyika kama mashabiki wa mpira. Kuna waliosema mbolea ya dukani inaua ardhi, na walikuja kuyasema hayo dukani, wakiwa wamebeba mfuko wake begani. Kuna waliosema samadi ni ya watu wasio na uwezo. Kuna kijana mmoja wa miwani myeusi aliyeinama kwenye kaunta na kuninong'oneza, akitaka kujua mbolea gani, ya asili au ya kiwandani, inafaa kwa "mboga" fulani ambayo hakupenda kuitaja. Kabla sijafungua mdomo Mzee Nassoro akajibu kutoka kwenye kiti chake: "Mmea usio na jina hauna mbolea." Kijana akanunua mbegu za kabichi akaondoka. Nafikiri aliona aibu kutoka mikono mitupu.

Mimi sikuwa na jibu la swali lile, na kukosa jibu kunaniuma kama jino. Ndipo nikaokota makopo ya rangi, nikayatoboa chini, nikayapanga uani nyuma ya duka. Udongo nilipata Pito, kata ileile ya wakulima wanakotoka wateja wetu wengi. Nikaupima kwa mizani, kila kopo sawa na mwenzake. Kopo moja udongo mtupu. La pili samadi ya ng'ombe. La tatu ya kuku. La nne mbolea ya kiwandani, ya kupandia kwanza na ya kukuzia baadaye. Nilichagua punje za mahindi zinazolingana ukubwa, nikazikataa zile ambazo hazikulingana.

"Mahindi haya yanalelewa kuliko wajukuu zangu," Mzee Nassoro akasema.

Kopo la kuku lilikufa mapema. Nilikuwa nimetia samadi mbichi, ikaunguza mche. Tangu siku hiyo nikawa naingiza mkono kwenye kila gunia la samadi. Ikiwa bado ya moto ndani, au inanuka banda, haijaiva. Iliyoiva hupukutika kama udongo wa msituni, na haina harufu ya mnyama. Kopo la mbolea ya kiwandani lilitangulia kuwa la kijani, la kijani cha kujisifu. La samadi ya ng'ombe lilijikokota. Ningeacha hapo ningekuwa muuzaji mwenye furaha. Lakini mimi siachi hapo. Nilipanda tena kwenye udongo uleule bila kuongeza chochote, na mara hii kopo la kiwandani lilidhoofu na la samadi likasimama.

Nikawa nawaeleza wateja hivi: mbolea ya dukani ni chakula kilichopakuliwa kwenye sahani. Mmea unakula leo. Mbolea ya asili ni ghala na jiko kwa pamoja. Chakula kipo, lakini lazima kipikwe, na wapishi ni wadudu wadogo wa kwenye udongo ambao hawaharakishwi na mtu. Mwenye njaa leo mpe sahani. Mwenye kutaka kuishi hapo miaka, ajenge jiko. Lilikuwa jibu zuri, na nilijivunia. Lilikuwa na upungufu mmoja ambao makopo hayakuweza kunionyesha, nao nilionyeshwa na Mama Skola.

Kabla sijamfikia, niseme kuhusu ntumba kwa wale kati yenu mliokuja kutoka mikoa mingine. Sisi Wafipa tuna mbolea yetu ya zamani kuliko duka lolote. Mvua zinapokaribia kuisha na udongo ungali laini, watu hukata majani ya shambani, huyakusanya vichuguu vichuguu, na kuyafunika kwa mabonge ya udongo wa juu mpaka kila kichuguu kiwe tuta la mviringo. Hilo ndilo ntumba. Juu yake hupandwa maharage. Ndani yake majani huoza kimyakimya kiangazi kizima. Mvua mpya zikianza, matuta hubomolewa, udongo ule mweusi husambazwa shamba zima, na mahindi hupandwa juu. Mimi nilikulia humo na sikujua kama ni mbolea. Nilidhani ni adhabu waliyobuniwa watoto wakati wa likizo.

Mama Skola alikuwa mjane wa Pito, mteja wetu wa siku nyingi, mwanamke mwembamba aliyezungumza taratibu na kukutazama mpaka umalize kujibu. Alikuja dukani mahindi yakiwa yamefika magotini. Alifungua pindo la kanga na kutoa jani la hindi, limekunjwa kwa heshima kama barua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie mgonjwa wangu."

Jani lilikuwa na umanjano uliotoka nchani na kushuka katikati kwa umbo la mshale. Huo ni upungufu wa naitrojeni, jambo ambalo nililijua hata nikiwa usingizini. Mkono wangu ulishakwenda kwenye rafu ya urea.

"Shamba lote liko hivi?"

"Lipo hivi na halipo hivi. Mwanangu, sikiliza. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anasema ardhi imekufa. Anataka kumkodisha mtu mwenye trekta. Ukoo unakuja kulitazama shamba mahindi yakianza kuchanua. Wakilikuta limekauka, limekwenda. Na mimi sina lingine."

Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja bei. Mimi ndiye niliyeanza kutoka jasho. Mzee Nassoro, ambaye alikuwa anajifanya anasoma gazeti, akalishusha.

"Jani moja haliwezi kutoa habari za shamba zima," akaniambia. "Nenda ukaone."

"Na duka, mzee?"

"Duka lilikuwepo kabla hujazaliwa."

Nilikwenda Pito kwa bodaboda na kamba yangu ya kupimia, koleo dogo, na kizibo cha soda mfukoni. Kizibo ndicho kipimo cha mbolea cha mkulima wa kwetu. Vijana, msikidharau, lakini hakikisheni kila mtu anatumia kizibo cha aina ileile na anakijaza kwa usawa, kwa kupitisha kidole juu. Nimeona nyumba moja ambapo mume alijaza mlima na mke alijaza bonde, na wakagombana juu ya mbolea.

Nilichokiona kwa Mama Skola sikuwa nimekiona kwenye kopo lolote. Shamba lilikuwa na madoa kama ngozi ya chui. Hapa mviringo wa mahindi mazito, ya kijani cha giza, yananipita kiuno. Hatua chache tu, mahindi ya manjano ambayo yangeweza kuficha kuku na si zaidi. Kisha mviringo mwingine wa kijani. Na upande wa juu wa shamba, karibu na barabara, hakukuwa na miviringo kabisa, yote manjano.

Nilichimba kwenye doa la kijani. Udongo mweusi, laini, na nyuzinyuzi za majani yaliyooza. Nikachimba kwenye manjano. Udongo mwekundu mgumu, wa chini, kama vile ngozi ya juu ilikuwa imebanduliwa.

"Mama, ntumba walibomoa akina nani?"

"Niliwapa kazi vijana wawili wa mjini. Nilikuwa na homa, sikuja kusimamia."

"Walisambaza udongo?"

Akatazama shamba lake, na nikaona ameelewa kabla sijasema. Vijana wale hawakuwa wamekua na ntumba. Waliona matuta, wakayapiga vichwa yakalala, wakapanda. Hawakusambaza. Udongo wote mzuri uliokwanguliwa kutoka shamba zima kujenga matuta ulibaki palepale matuta yalipokuwa. Mahindi ya pale yalikuwa yanakula karamu, na jirani zao wamekaa juu ya sakafu.

"Na huku juu?"

"Huku juu hapakuwa na ntumba kabisa. Vibarua walifika kati wakasema mgongo unauma. Sikuwa na wengine wa kuongeza."

Hapo ndipo nilipopambana na nafsi yangu. Kila kitu ndani yangu kilitaka kizibo kimoja kwa kila shina, sawasawa, mstari hadi mstari, kama makopo yangu. Kutoa sawa ni kitu safi. Lakini mbolea haiangalii usafi. Ukilisha naitrojeni mahindi yaliyoshiba, yatarefuka laini na upepo wa Ufipa utayalaza, nanyi mnaujua upepo wetu. Na ile uliyoipoteza pale ndiyo mahindi yenye njaa yalikuwa yanaisubiri. Nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na ajabu ni kwamba uhakika ulikuja nyuma ya sauti.

"Tutaweka kwenye manjano tu. Kijani hakuna kitu."

"Hao tuwanyime?"

"Hao wameshiba, mama."

"Kama ndugu wa bwana harusi."

Tulipalilia kwanza, maana kuweka mbolea kwenye magugu ni kuwalisha wezi. Udongo ulikuwa na unyevu. Tulitoboa kishimo pembeni mwa kila shina, umbali wa kiganja, tukatia kizibo kimoja cha urea, tukafukia palepale. Urea ikiachwa juu huondoka na hewa, na mkulima hubaki na mfuko mtupu na imani kwamba duka limemwibia. Mama Skola na binti yake Skola walifanya siku zilizofuata, nami nilirudi kila nilipopata kisingizio, hata wakaanza kuniuliza kama nimechumbiwa na mtu wa Pito.

Manjano yaliondoka. Majani mapya yalitoka ya kijani, mashina yakanenepa. Nikarudi dukani nikitembea kama mtu aliyepaka lami barabara yote ya Mbeya peke yake. Kisha mvua ikakata. Mnajua jinsi inavyofanya katikati ya msimu, inapotoweka bila kuaga, jua linakaa juu ya uwanda na upepo unakausha kilichobaki. Nilikwenda Pito nikakuta mahindi niliyoyalisha kwa urea yamejikunja kama sigara. Kwenye madoa ya ntumba majani yalikuwa yamefunguka, mapana, kama hayajasikia habari.

Huo ndio upungufu wa jibu langu zuri la sahani na jiko. Kwenye makopo nilimwagilia kila kopo sawa, kwa hiyo sikuwahi kujua. Samadi na majani yaliyooza hufanya kazi mbili, hulisha na kushika maji. Mbolea ya dukani inalisha vizuri sana, lakini haijui kubeba ndoo.

"Itakuwaje, mwanangu?" Mama Skola akaniuliza.

Hapakuwa na mfuko wa kumuuzia. Tulikata majani makavu na magugu tukayatandaza kwenye miguu ya mahindi kila mahali palipokuwa wazi ili jua lisipige udongo moja kwa moja. Nilimwambia hilo ndilo tunaloweza, na sikumwambia "nadhani". Niliporudi nyumbani nilitapika kwa wasiwasi. Mkitaka kujua kazi hii inagharimu nini, andikeni hilo pamoja na kifua.

Mvua ilirudi mahindi yakianza kuonyesha mbelewele, na ukoo ukaja nayo. Mama Skola alinitumia ujumbe nifike. Nilimkuta shemeji yake, ambaye pale wanamwita Baba Ozimu, amevaa koti la kikao, anatembea kati ya mistari mikono nyuma. Kulikuwa na ndugu wanaume kadhaa vijana, na Shangazi Leokadia, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, na ambaye kila mtu alimtazama kwanza kabla ya kusema. Nilimsalimia kwa kupiga goti. Barabarani alisimama mtu mmoja akiegemea pikipiki, hatambulishwi. Nikajua huyo ndiye wa trekta.

Shamba lilikuwa la kijani. Lakini lilikuwa na madoa bado, marefu na mafupi, kama watoto wa darasa moja.

"Mnaona?" Baba Ozimu akasema. "Hapa refu, hapa fupi. Ardhi imechoka hii. Bila mbolea ya huyu binti hapa pangekuwa uwanja wa mpira. Shemeji hana hatia, ardhi ndiyo imezeeka. Apewe mtu wa trekta, ilimwe chini, itiwe mifuko."

Kisha akanigeukia. "Wewe binti wa dukani, sema ukweli. Mbolea yako imeokoa shamba au haikuokoa?"

Lilikuwa swali lililotegwa vizuri. Nikisema imeokoa, ardhi imekufa na inaishi kwa dawa. Nikisema haikuokoa, basi ardhi haisaidiki hata kwa mbolea, na mama amepoteza. Zamani ningeanza kueleza naitrojeni tangu mwanzo wa dunia. Badala yake niliingia shambani na koleo, nikaleta udongo kwenye viganja viwili, mmoja kutoka doa refu, mwingine kutoka fupi. Nikaupeleka kwa Shangazi, si kwa Baba Ozimu.

"Huu ni wa shamba hili, Shangazi, na huu ni wa shamba hilihili. Huu mweusi ndipo ntumba zilipokaa. Mvua ilipokata, mahindi ya hapa hayakukunja jani. Ardhi iliyochoka haifanyi hivyo. Mbolea ya dukani imewalisha wale waliokosa ntumba, nayo imefanya kazi yake. Lakini iliwekwa kuziba pengo."

"Pengo la nini?" Baba Ozimu akauliza. "La samadi? Anunue samadi."

"La watu, baba."

Shangazi akausugua udongo mweusi kwa kidole gumba, akaunusa.

Mama Skola alikuwa amesimama pembeni na jembe lake. Hakupandisha sauti.

"Kaka yako alipokuwa hai, shemeji, mwezi kama huu mlikuja hapa wote. Nilipika pombe ya ulezi, mkalima ntumba mkiimba, shamba zima mpaka barabarani kule, na jua bado lipo. Tangu tumzike, nani kati yenu ameinua jembe hapa? Nimelipa vijana wasioijua kazi kwa maharage ya watoto wangu. Ardhi haijachoka, shemeji. Mmechoka ninyi."

Mmoja wa wale vijana wa ukoo akacheka, akajifanya anakohoa. Baba Ozimu akamtazama dada yake. Shangazi Leokadia akawa anatikisika mabega juu ya debe lake. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko.

"Amekupata, Ozimu," akasema, akitumia jina la mwanawe kama tunavyofanya. "Ulitaka kukodisha shamba ili usije kulima ntumba. Kweli, si kweli?"

"Dada, mimi nina kazi zangu."

"Na marehemu alipolima kwako, hakuwa na kazi zake?" Akageukia barabarani akapunga mkono. Mtu wa pikipiki akasubiri kidogo kuona kama kuna mwingine atakayempungia tofauti, kisha akawasha, akaondoka. "Shamba ni la Mama Skola na watoto wake. Na udongo leo ni laini. Mnasubiri nini?"

Majembe yaliazimwa kwa majirani. Wakaanza upande wa juu, ule uliokuwa wa manjano, nje kidogo ya mahindi, kwenye kipande kilicholala. Baba Ozimu alisimama muda, halafu akavua koti na, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu na sina jembe, akanipa nimshikie. Tuta lake la kwanza lilikuwa limelala upande mmoja kama kiota kilichoangukiwa na paka, na majani yametokeza nje. Nililiona. Nilisikia vidole vyangu vinawasha kulinyoosha. Nikashika koti.

Vijana wenzangu, mkiulizwa tena swali lile, ipi bora, msiwape wateja jibu la makopo kama nilivyofanya mimi. Waulizeni udongo wao ukoje, mvua yao ikoje, halafu waulizeni nani anawasaidia kulima. Mbolea ya dukani hulipwa kwa fedha. Ya asili hatujawahi kupewa bure. Hulipwa kwa mgongo, na mgongo wa mtu mmoja hautoshi shamba. Wakulima wengi niliowauzia mifuko miaka yote hiyo hawakuwa wameikataa samadi wala ntumba. Walikuwa wamebaki peke yao. Ukimwona mkulima wa namna hiyo, muuzie mbolea, mfundishe kizibo, mfundishe kufukia, umwambie apumzishe udongo kwa kunde na maharage, umtazamie kama udongo wake una tindikali nyingi. Na vaeni barakoa mnapofungua mifuko. Hilo naliandika nikiwa nakohoa, kwa hiyo lishikeni.

Msimu huu, ambao ulikuwa wa mwisho kwangu, Mama Skola alikuja kununua mbolea ya kukuzia. Alitaja kiasi, nikadhani nimesikia vibaya, nikamwomba arudie. Ilikuwa nusu ya alichokuwa akichukua kila mwaka. Mzee Nassoro akashusha gazeti.

"Mama Skola, umetuhama? Umepata duka lingine?"

"Hapana, mzee," akasema, akifunga mfuko wake kwenye kanga. "Nusu nyingine wameniletea mashemeji, kwa majembe."